Kikohozi Nilichopanda Nacho Mlimani

Kama unakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, na ukilala umeshaanza kupanga majina ya watu waliowahi kukupa chai, basi haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza habari za vijidudu. Hizo atakueleza nesi, na hata yeye atazieleza haraka haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Mimi nitakueleza habari za shaka, maana hiyo naijua vizuri. Mama yangu kule Bukavu alinilea nayo, na sioni aibu kusema hivyo.

Kwetu kuna kitu kinaitwa karuho. Ni sumu ya polepole. Mtu anakutilia kidogo tu kwenye kinywaji, unakunywa, unashukuru, unaenda zako. Miezi inapita. Unaanza kukohoa, unakonda, nywele zinalainika kama za mtoto mchanga, ngozi inapauka. Ndiyo maana kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako. Asipoonja hunywi, hata kama ni dada yako wa tumbo moja. Na kuna sharti jingine ambalo nusura linipeleke kaburini: mwenye karuho hachomwi sindano. Akichomwa, kwetu wanasema, amekwisha.

Mwaka 2012 nilikuwa nafanya kazi Overport, mtaa mmoja wa Durban, Afrika Kusini, kumtunza bibi mmoja wa Kisingasinga tuliyemwita Biji. Alizaliwa Kisumu, akaolewa huko, akazeeka huko, mpaka mwanawe Mohan alipomhamishia Durban. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, hakina kichwa wala mkia, lakini katika nyumba ile sisi wawili tu ndio tuliokijua, kwa hiyo kilikuwa siri yetu. Nilimwogesha, nikampa vidonge vyake, nikamkanda magoti. Kikombe changu kilikuwa cha bati, cha rangi ya bluu, kikikaa peke yake chini ya sinki. Sikuuliza kwa nini. Nyumba nyingi za kule mfanyakazi ana kikombe chake, na kwa mtu kama mimi, kikombe ambacho hakuna mwingine anayekigusa kilikuwa neema.

Nyumbani kwetu ni Queensburgh, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu. Tulikuwa mimi, mume wangu Baba Gloire ambaye alikuwa mlinzi kule Pinetown, binti yetu Gloire aliyekuwa ameanza shule, na wifi yangu Mama Chance. Huyu wifi alikuwa ametufikia mwaka uliotangulia. Mtoto wake Chance alimwacha Bukavu kwa bibi yake. Aliuza vitenge soko la Warwick, na kila asubuhi aliamka kabla yangu, akanijazia termosi ya chai ya tangawizi ya kwenda nayo kazini. Wema wa kila siku hivyo, mwanzo unaushukuru. Baadaye unaanza kujiuliza unatoka wapi. Mimi mtoto wangu ninaye, yeye wake hana. Nilianza kuwaza hayo kabla hata sijaumwa, sema niliyaweka pembeni.

Kikohozi kilianza baada ya Pasaka. Kikavu, cha jioni. Halafu jasho. Nilikuwa naamka shuka limelowa mpaka godoro, na Durban joto lilikuwa limeshapungua. Mama Chance ndiye wa kwanza kusema.

"Mama Gloire, hii kikohozi iko mubaya. Ende kliniki, bakupime damu."

"Itaisha," nikamjibu.

"Vraiment, wifi, usicheze nayo. Ende bakuchome hata sindano moja."

Sindano! Nilimtazama alivyokuwa akikunja vitenge vyake, bila wasiwasi wowote. Mtu wa Bukavu asijue habari ya sindano? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na kuanzia siku ile nikawa namwaga ile chai nikifika kituo cha taxi.

Sasa Biji alikuwa na nadhiri. Alitaka kufika Hemkund kabla hajafa. Ni ziwa lililo juu kabisa ya milima ya India, na kando yake kuna hekalu la Masingasinga. Linafikika miezi ya joto tu, miezi mingine yote ni theluji. Mohan alikuwa amekusanya kundi la jamaa na marafiki, wengine wa Durban, wengine wa Johannesburg, kwenda mwezi wa sita.

"Mimi iko mzee," Biji akaniambia. "Nataka ona ile maji ya juu. Wewe nakuja shika mimi."

"Biji, mimi ninakohoa."

"Huko hewa safi. Kohoa nakwisha."

Nilikuwa na pasi ya Kongo na kibali cha kazi, Mohan akashughulikia viza. Mume wangu hakupenda. Aliogopa naenda kuabudu sanamu. Nikamwambia nitafumba macho. Ukweli ni kwamba nilitaka kukaa mbali na ile termosi, nione kama nitapona. Ndivyo nilivyopanda ndege: Biji anakwenda kutimiza nadhiri, mimi nakwenda kufanya upelelezi.

Sikuona sanamu. Niliangalia sana, kila hekalu tulilopita njiani. Ni kitabu tu, kimefunikwa vitambaa vizuri, na watu wanakiinamia. Hilo halikunitoa wasiwasi. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni chakula. Kila hekalu wanapika, na anayeingia anakula bure, chini sakafuni, tajiri na maskini mstari mmoja. Biji alisema hata Kenya kule Makindu wanafanya hivyo, madereva wa malori wanajua. Mimi nikawaza: chakula cha bure, kimepikwa na watu nisiowajua, na hakuna anayeonja. Nilikula mikate niliyobeba kwenye begi mpaka ikaota ukungu, halafu nikawa nasubiri Biji atafune kwanza ndipo nami nitie mkono.

Baada ya siku za basi katika barabara ambayo upande mmoja ni ukuta wa mawe na upande wa pili huna hamu ya kuutazama, tulifika Govindghat. Kuanzia hapo ni miguu. Biji alibebwa kwenye kiti na wanaume wanne, amekaa kama malkia, shali mpaka puani. Mimi nilitembea nyuma yake na mfuko wa dawa. Nilidhani mimi, mwanamke wa milima ya Kivu, nitawaacha wale watu wa mjini mbali. Hatua chache tu kifua kikawa kinabana, kama mtu amenifunga kitenge na kukaza fundo. Wazee wenye vilemba walinipita wakiimba jina la Mungu wao. Mama mmoja mnene, mwenye miguu mitupu, alinipita pia, akanitia pipi mkononi. Niliitia mfukoni, sikuila.

"Ni mlima," Mohan alisema kila nikisimama. "Huku juu hewa ni chache. Kila mtu anakohoa."

Na kweli, kundi zima lilikohoa. Kikohozi changu kilipata mahali pa kujificha. Hilo nakuomba ulishike, wewe unayesoma: ukiwa kati ya watu wanaokohoa, usiseme ni kama wao. Wao walikuwa na siku mbili, mimi nilikuwa na miezi miwili.

Tulilala Ghangaria, kijiji cha mwisho, chini ya mablanketi mazito yenye harufu ya moshi. Asubuhi nilikohoa kwenye kitambaa, nikaona doa jekundu, si kubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo. Nilikikunja upesi. Sikuwaza mlima, sikuwaza mapafu. Nilimwona Mama Chance anamimina chai. Nilisema moyoni: basi nimeshamaliza upelelezi, sumu iko ndani tayari, hata nikikimbilia mwisho wa dunia.

Siku ile ndiyo ya kupanda mpaka ziwani, na ngazi zake za mawe sijui alizipanga nani. Kabla ya nusu ya njia nilikaa chini, na miguu ikakataa kuinuka. Mohan alipatana na mchukuzi mmoja, mtu mzima wa Nepal mwenye mvi, abebaye watu kwenye kikapu mgongoni. Kule Warwick nimeona wachukuzi wakivuta mizigo ya wenye maduka maisha yangu yote ya Durban. Sasa mzigo ni mimi. Na ukibebwa vile unatazama nyuma, huoni uendako. Mtu wa shaka kubebwa akitazama nyuma! Nilikuwa nageuza shingo mpaka yule mzee akanigonga goti kwa kiwiko, nitulie.

Biji alipita na kiti chake, akaniona kikapuni, akacheka mpaka shali ikamdondoka.

"Nani naleta nani?" akauliza. "Mimi naleta wewe!"

Nilicheka pia, nikakohoa, nikalia. Vyote kwa pamoja.

Juu kulikuwa na barafu bado, vipande vikielea kwenye maji meusi, na ukungu ukipita chini yetu. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Mlangoni mwa hekalu bwana mmoja mwenye saa ya dhahabu alichukua viatu vyangu vilivyolowa, akavifuta matope kwa kitambaa chake mwenyewe. Mohan alisema bwana yule ana viwanda, ila huko anatumikia viatu vya watu kwa ajili ya Mungu. Mimi nilifuata macho yale matope. Kwetu mtu akikusanya udongo wa unyayo wako unajua anaupeleka wapi. Sikuondoka mlangoni mpaka nilipoona amekung'uta kitambaa kwenye upepo.

Nilimshika Biji mkono upande wa kuogea wanawake. Alichota maji yale ya barafu, akajimwagia kichwani, akatetemeka, machozi yakamtoka kwa furaha. Kisha bila kuniuliza akanimwagia mimi kifuani.

"Hapa," akasema. "Hapa nalia kila siku."

Nilipiga kelele, nikakemea kwa jina la Yesu. Wanawake wote wakageuka. Biji hakukasirika hata kidogo.

Tulipoingia kula, nilikuwa natetemeka meno. Walikuwa wanagawa mchele uliopikwa na dengu, moto, na chai ya maziwa kwenye vikombe vya chuma. Kikombe kikawekwa mbele yangu na mtu nisiyemjua, akapita. Nilikitazama. Mvuke ulinifika usoni. Nilikuwa nahitaji ile chai kuliko kitu chochote duniani, na sikuweza kunyoosha mkono.

Biji alinitazama kwa muda. Miaka yote ile nilidhani hajui.

"Wewe nangoja mtu onja," akasema. "Mimi nakuona. Overport pia wewe nangoja."

Akachukua kikombe changu, si chake, akavuta chai kwa kishindo, akafuta mdomo, akanirudishia. Ni yule yule Biji ambaye nyumbani kwake kikombe changu kilikaa chini ya sinki. Nilikunywa mpaka mwisho. Joto lilipofika tumboni niliinamisha kichwa ili watu wasione uso wangu.

Tukiwa kwenye basi la kurudi aliniambia jambo moja tu.

"Dada yangu Kisumu nakohoa namna hii. Yeye nakufa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndicho alichotaka kusema. Mimi nilisikia vingine. Nilijiuliza kwa nini ananitabiria kifo, na tena baada ya kunimwagia maji yake.

Tulirudi Durban, baridi ya mwezi wa saba. Sketi zangu nilizishikiza kwa pini. Pete ya ndoa ilidondoka kwenye karai la vyombo, nikaifunga kwenye kitambaa. Nywele zililainika kama wazee walivyosema. Mohan alinisikia nakohoa jikoni, akaniambia nikae nyumbani mpaka daktari aandike kwamba niko salama. Nilipokwenda kuchukua vitu vyangu niliona kikombe cha bluu kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya viazi. Mpaka leo sijui ni nani alikitupa. Kiliniuma kuliko kifua.

Kanisani walinielekeza kwa mganga mmoja wa kwetu, Papa Zakaria, aliyekuwa anatibu karuho kwenye chumba cha nyuma cha saluni mjini. Alininywesha majani machungu, nikatapika kwenye beseni mpaka nikaona nyota. Akachokoa kwa kijiti, akainua kitu kama kipande cha nyama.

"Unaona? Hii njo karuho. Bon, ilikuwa na miezi mingi."

Niliona, na nitakuambia ukweli: nilifurahi. Miezi yote ile nilikuwa na shaka, sasa nina ushahidi. Nikamwuliza ni nani.

"Ni mutu wa ndani. Anakupatia na mukono ya kuume. Na kliniki usiende. Bakikuchoma sindano, sitakuokoa."

Leo najiuliza: nani duniani hutoa chai kwa mkono wa kushoto?

Jumapili ile Mama Chance alileta chai mezani, mume wangu na mtoto wapo. Nikasukuma kikombe mbele yake.

"Onja."

Akaonja.

"Onja tena."

Alinyanyua kikombe, akanywa chote mpaka majani, macho yake machoni mwangu. Akakiweka.

"Alors, sasa nikufe?" akasema. "Minakuwambia ende kliniki, toka mwezi wa ine. Nani anakukataza? Mimi?"

"Unajua vizuri kwa nini unanituma kwa sindano," nikajibu.

Kesho yake alifunga vitenge vyake akaenda Pietermaritzburg kwa rafiki yake. Baba Gloire alihamia kwenye kochi sebuleni. Hakunigombeza. Alizungumza na mimi kwa kupitia mtoto: mwambie mama chakula kiko tayari.

Sasa sikia jinsi nilivyopona, maana watu wengi husema imani iliniponya. Shaka ndiyo iliyoniponya. Upepo wa mwezi wa nane uliisha, mwezi wa tisa ukaingia, na mimi nachemsha chai yangu mwenyewe, nafunga sukari yangu kwenye sanduku lenye kufuli. Mama Chance hayupo, na nazidi kwisha. Nilikuwa siwezi kuanika nguo bila kukaa. Nikawaza: sumu imetapikwa, mtiaji ameondoka, basi nini kinanila? Nilirudi kwa Papa Zakaria kumwuliza.

"Anafanya kutoka kule mbali," akasema.

"Kutoka Pietermaritzburg?"

"Ndiyo. Kwa njia ya usiku."

Nilimwangalia. Nimezaliwa Bukavu mimi. Karuho inaliwa, inanywewa, hairuki hewani. Hata mtoto wa kwetu anajua hilo. Nikasimama nikachukua mkoba wangu. Mtu wa shaka ana faida moja: ikifika siku yake, anaishuku hata shaka yake.

Siku niliyokwenda kliniki nilimsuka Gloire nywele kwa muda mrefu, mistari midogo midogo ya kukaa wiki nyingi, kwa sababu niliamini sindano itaniua na sikujua nani atamsuka tena. Baba Gloire alisimama mlangoni akatazama vidole vyangu vikifanya kazi. Akaelewa. Akavaa viatu akaja nami.

Kwenye foleni unakaa kwenye benchi, na mtu wa mbele akiitwa wote mnasogea kwa makalio nafasi moja. Madirisha yote wazi, mvua inaingia. Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Kizulu, gogo kama wanavyowaita, anafuma sweta, kila akisogea anasogeza na pochi yake ya uzi. Walinipeleka nje, kwenye kibanda cha kukoholea, nikatoa makohozi kwenye kichupa. Kisha nesi akatoa sindano ya kuchukua damu. Nilifumba macho, nikasali sala yote niliyojua.

"Hawu, sisi, fumbua macho," akasema nesi, akiniita dada kwa Kizulu. "Imeshaisha."

Nilifumbua. Nilikuwa bado nipo. Nilimshuku hata yeye, nikamwuliza kama kweli ameichoma.

Ilikuwa TB. Walinipima na ile nyingine ambayo kila mtu hunong'ona. Sikuwa nayo, na nilimtazama mume wangu kwa muda kabla ya kumwomba samahani kwa niliyokuwa nimewaza. Nilipewa vidonge vya rangi ya tofali, vikubwa, kila asubuhi kabla ya chakula. Siku ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu kama Fanta, nikapiga yowe kwamba wamenimaliza. Nesi alikuwa amenieleza, sikuwa nimemsikiliza. Wewe usiogope, ni rangi ya dawa. Viungo vitakuuma, utawashwa mwili, utachukia harufu ya mayai. Halafu siku moja utasikia njaa. Mimi ilinijia mwezi wa kumi na mbili, wakati wa matunda ya lichi. Nilinunua mfuko barabarani nikazimaliza zote nimesimama, juisi inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Biji alipigwa picha ya kifua, akaonekana mzima. Alinipigia simu kila asubuhi. "Wewe kunywa dawa?" Nikisema ndiyo, anakata. Gloire alipewa vidonge vya kumkinga. Mume wangu hakuwa na kitu, na alirudi kitandani.

Kisha nesi akauliza: "Nani mwingine alilala nyumba hiyo?"

Mume wangu alitazama sakafu. Nje akaniambia, "Weye njo ulimufukuza. Weye umupigie."

Namba yake ilikuwa imebadilika. Tulimtafuta kupitia watu wa Warwick, na mpaka mwezi wa kwanza ndipo nikapata ya rafiki yake. Alipopokea nilisikia kikohozi kabla ya sauti. Nilikijua. Kikavu, kinachoishia na mluzi mdogo.

"Mama Chance, ni mimi. Unakohoa tangu lini?"

"Toka mwezi wa kumi na moya." Akapumzika kupata pumzi. "Nimekonda. Banasema ni karuho. Na mimi nilikula kwa nani, wifi? Nilikula kwako tu."

Nilikaa chini. Nilimweleza yote: kibanda cha kukoholea, vidonge, mkojo mwekundu, sindano ambayo haikuniua. Nikamwambia aende kliniki.

Kimya. Kimya kile nilikijua kuliko mtu yeyote, nilikaa ndani yake tangu Pasaka mpaka jakaranda zinachanua. Kila neno nililosema lilikuwa linanihukumu. Mwenye kukutuma kwa sindano ndiye aliyekupa.

"Lakini ni wewe uliniambia mimi niende," nikamwambia. "Wewe hukuamini mambo ya karuho."

"Ile ilikuwa ugonjwa yako," akasema. "Ya mwingine ni rahisi. Sasa ni kifua yangu."

Alitaka kukata. Nilimsikia anaondoa simu sikioni. Kwetu wanasema aliyekupa ndiye ajuaye dawa yake. Ukimbana akakiri, umepona. Nilimwona kwenye kochi la watu, nywele zimelainika, anasubiri kufa kwa adabu. Sikufikiri mara mbili.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Ni mimi nilikupa. Kwenye chakula. Na dawa yake ninaijua, ninainywa mwenyewe. Nakuja kukuchukua kesho, usile kwa mtu."

Alilia. Alinitukana mimi, na mama yangu, na ukoo wa mama yangu. Kisha akaniuliza nitafika saa ngapi.

Nilimpeleka. Tulikaa kwenye benchi la kliniki ya kule, tukasogea kwa makalio, bega kwa bega. Alimwambia kila aliyekaa karibu, kwa Kiingereza chake na Kizulu chake, kwamba huyu ndiye aliyempa sumu. Watu walinitazama. Nesi alipouliza mimi ni nani kwake, akasema, "Ni yeye alinipa." Nesi akanigeukia kusikia nitajibu nini.

Nikasema ndiyo.

Amepona. Alimaliza vidonge vyake vyote, amenenepa, amemleta Chance, ana meza kubwa Warwick kuliko ya kwanza. Nikipita ananipungia mkono kwa mbali. Mume wangu amejaribu mara nyingi kumweleza kwamba nilisema vile ili aende tu. Anamsikiliza kaka yake mpaka mwisho, anamwambia nashukuru, na haji kula kwangu.